Kufanya kazi nyumbani Iowa City: panga siku yako kabla ukimya haujakupangia

Wabongo wengi wakisikia unafanya kazi ya kompyuta nyumbani huku Marekani wanajua upo New York au Houston. Mi nipo Iowa City, mji wa watu kama elfu 75 hivi, umezungukwa na mashamba ya mahindi na soya, na kwa mtu ambaye ofisi yake iko mbali naona panafaa kuliko miji mikubwa, ila kwa sharti moja, uwe na sababu ya kutoka nje kila siku na hiyo sababu uitafute mwenyewe. Hapa hakuna mtu atakayekugongea mlango.

Tuanze na nyumba. Huu ni mji wa chuo, University of Iowa ndo kila kitu, kwa hiyo mikataba mingi ya kupanga inaanza mwanzo wa Agosti na kuisha mwisho wa Julai, ukija Oktoba unachagua mabaki. Ile wiki ya mwisho ya Julai ni vituko vitupu, wanafunzi wanahama kwa mpigo, kando ya barabara kumejaa meza, makabati, viti, taa, na meza ninayofanyia kazi mpaka leo niliiokota hivo hivo (sofa na godoro achana navyo, kunguni wa huku hawana adabu). Kabla hujasaini uliza intaneti ya jengo lenyewe, sio ya mtaa, maana unakuta jengo moja lina faiba na la jirani halina. Alafu angalia dirisha. Watu wanalidharau hili ila Desemba jua linazama saa kumi na nusu na ushee, kwa hiyo ukipanga besmenti, yaani nyumba ya chini ya ardhi, kwa sababu ni bei rahisi, unamaliza kazi nje ni giza, asubuhi hujatoka, wiki inakatika hujaliona jua na unaanza kujiuliza mbona sina raha na hela inaingia. Mchana toka hata kama ni baridi, vaa koti la maana na viatu vya theluji, zunguka mtaa, rudi.

Masaa nayo ni ya kuyapigia hesabu. Ofisi yetu iko pwani ya mashariki, wapo mbele yetu saa moja, wao wakianza saa tatu huku ni saa mbili asubuhi, hiyo sio mbaya maana unamaliza mapema. Shida ni nyumbani. Kipindi cha baridi Dar wapo mbele yetu masaa tisa, Machi huku saa zikisogezwa mbele yanakuwa nane, Novemba yanarudi tisa, sasa ukisema utampigia mama ukitoka kazini saa kumi na moja jioni, kule ni saa nane usiku, utamshtua bure adhani kuna msiba. Mi nampigia saa kumi na mbili asubuhi nikichemsha chai, kwake ni saa tisa alasiri, ameshakula, ameshapumzika, anataka kuongea.

Kodi sitaki kukuchosha, ila jua mawili. Kama unalipwa kama kontrakta hakuna mtu anakukatia, unalipa mwenyewe kwa awamu 4 kwa mwaka, na ile ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3 kabla hata ya kodi ya mapato, kwa hiyo kila hela ikiingia tenga kabisa. Na kama mwajiri wako yupo New York, jimbo la New York linaweza kukutoza kodi yake hata kama umekaa Iowa mwaka mzima. Tafuta mhasibu, mlipe, ulale.

Sasa watu. Maktaba ya mji ipo pale katikati, kadi ni bure kwa mkazi, kuna joto, kuna intaneti, na ukienda siku zile zile kila wiki watu wanaanza kukuzoea. Basi za mji hazina nauli tangu Agosti 2023, ila Jumapili usizitegemee, omba lifti ya kanisani. Wakongo ni wengi huku na wengi wanaongea Kiswahili, ukiwajua hao umepata unga wa muhogo, sombe (kisamvu chao) na dagaa, umepata na harusi za kwenda Jumamosi. Jumamosi nyingine ni mpira wa Hawkeyes, timu ya chuo ya ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, uwanja wao wa Kinnick unaingiza watu karibu elfu 70, mji unakuwa kama Kariakoo siku za sikukuu, usipange kutoa gari. Nenda hata mara moja, robo ya kwanza ikiisha uwanja mzima unageuka kuwapungia mikono watoto waliolazwa hospitali iliyo pembeni, ata mi nisiyejua sheria za ule mchezo nilipunga.

Jingine dogo, nunua chepe kabla ya Novemba kama umepanga nyumba nzima, manispaa inataka njia ya waenda kwa miguu mbele ya kwako isafishwe theluji. Na Jumatano ya kwanza ya mwezi saa nne asubuhi utasikia king'ora cha kimbunga katikati ya kikao, waambie wenzako ni majaribio, endeleeni. Kikilia siku nyingine zima kamera ushuke chini, kikao watakusimulia.