Watoto wa sungura na boksi iliyooshwa na sabuni ya kunukia

Pole bro, unasema uliosha boksi ya kuzalia ya sungura na sabuni ya kunukia na tangu hapo hujaona mama akinyonyesha, lakini usipaniki. Hiyo si ajabu, sungura hunyonyesha kama mara moja kwa siku, dakika 3 ama 4 hivi, so cheki matumbo asubuhi, yakiwa yamejaa ndii wako sawa. Sabuni ya kunukia ndio wacha kabisa. Hao wadogo hawaoni, chuchu wanaitafuta na pua, kuna harufu kwa maziwa ambayo watafiti wa Dijon, Ufaransa walitangaza 2003, na harufu ngeni ikiambatana nayo mara moja tu, mtoto anaikariri hiyo ngeni. Halafu kuna harufu zikichanganyika wanazinusa pia kama kitu kipya, so sabuni inaweza kuwachanganya. Rudisha yale manyoya mama alijinyofoa. Mimi hapa Njoro huosha na maji moto pekee.