Mlawi alilindwa na sheria ya nyumba, si zaka peke yake

Swali la wiki liliuliza: ikiwa kabila la Lawi halikupewa urithi wa nchi kama makabila mengine ya Israeli, makuhani na Walawi waliishi kwa kutegemea nini? Wengi watajibu zaka, na hawajakosea. Ila zaka ni nusu ya jibu. Nusu nyingine, ambayo hatuisikii sana mimbarani, ni sheria za ardhi na nyumba.

Zaka nitaipitia haraka. Kwa mujibu wa Hesabu 18, mkulima aliyevuna vipimo 100 vya ngano aliwapa Walawi 10, nao katika hivyo 10 walitoa 1, tena kilicho bora, kwa makuhani wa uzao wa Haruni. Makuhani walipata pia malimbuko na mafungu ya sadaka. Kumbukumbu la Torati 18 inataja hadi viungo vya mnyama: bega, mashavu mawili na tumbo.

Sasa tuje kwenye ardhi. Hesabu 35 iliagiza Walawi wapewe miji 48 kutoka katika urithi wa ndugu zao, kabila kubwa litoe mingi na dogo litoe michache. Kila mji ulizungukwa na malisho yaliyopimwa dhiraa 1,000 kutoka ukutani, karibu nusu kilomita. Hayo yalitosha kwa mifugo, lakini hayakumfanya Mlawi kuwa bwana wa mashamba. Tazama Hebroni katika Yoshua 21: mji na malisho yake walipewa wana wa Haruni, lakini mashamba na vijiji vyake vikabaki kuwa milki ya Kalebu. Kuhani alichunga ng'ombe wake chini ya ukuta, na nje ya hapo shamba lilikuwa la mwingine.

Sehemu inayonigusa zaidi ni Mambo ya Walawi 25. Mwisraeli wa kawaida akiuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta, alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuikomboa. Mwaka ukipita, nyumba ni ya mnunuzi daima, hata yubile, yaani mwaka wa 50 ambapo milki zilizouzwa zilirudi kwa wenyewe, haimrudishii muuzaji. Mlawi hakuwekewa kikomo hicho. Aliweza kuikomboa nyumba yake wakati wowote, na asipoweza, yubile ilimrudishia. Malisho ya mji ndiyo hayakuruhusiwa kuuzwa kabisa. Sababu imeandikwa pale pale: nyumba za miji hiyo ndizo milki yao kati ya Waisraeli. Mtu wa Yuda akipoteza nyumba ya mjini bado ana shamba la baba yake, ila Mlawi akipoteza nyumba amebaki mikono mitupu. Sheria iliona tofauti hiyo, ikamkinga asije akaufuta urithi wa watoto wake kwa sababu ya deni la msimu mmoja mbaya.

Hata hivyo, sheria nzuri bila watu wa kuitimiza haikumlisha mtu. Katika Waamuzi 17 kijana Mlawi anatoka Bethlehemu akitafuta pa kukaa, na mtu mmoja aitwaye Mika anamwajiri awe kuhani wa nyumba yenye sanamu, kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka, mavazi na chakula. Inauma kuisoma. Si ajabu Kumbukumbu la Torati linarudia kuonya kwamba Mlawi asiachwe, na katika zaka ya mwaka wa tatu linamtaja pamoja na mgeni, yatima na mjane.

Baada ya Wayahudi kurudi kutoka uhamisho wa Babeli hali ilijirudia. Nehemia 13 inasimulia kwamba Walawi na waimbaji hawakupewa mafungu yao, wakaacha kazi ya hekalu na kukimbilia kila mtu shambani kwake. Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda, hakuwalaumu wao. Aliwagombeza wakuu, akawarudisha Walawi mahali pao, kisha akaweka watunza hazina waliohesabiwa kuwa waaminifu: kuhani mmoja, mwandishi mmoja, Mlawi mmoja na msaidizi wao, ili kila ndugu apate fungu lake.