Usimpe paka Panadol, hata nusu kidonge

Dada, hapana, tafadhali usimpe. Umeuliza kama nusu ya Panadol itashusha homa ya paka wako: nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamo, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama letu, kwa hiyo inageuka sumu inayoharibu damu mpaka ishindwe kubeba oksijeni. Utaona fizi zinakuwa za kahawia au buluu, uso na nyayo zinavimba, anahema kwa shida.

Halafu, una uhakika ana homa? Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, kwa hiyo ukimshika lazima umwone wa moto. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo ulilosema kwamba hajala tangu juzi. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usingoje Jumatatu.

Kama kuna mtu nyumbani ameshampa, nenda sasa hivi na pakiti ya dawa mkononi. Asetilisisteini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, husaidia sana ikiwahiwa. Usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha maziwa.

Na wenye mbwa msome pia: Brufen na diklofenaki za binadamu huwatoboa tumbo na kuua figo.