Maambukizi makubwa baada ya upasuaji wa moyo: alama zinasema nini

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama madaktari wanaweza kujua mapema iwapo baba yako, mwenye miaka 64 na kisukari, atapata maambukizi makubwa baada ya kupandikizwa mishipa ya moyo. Mimi si daktari, ila nilimuuguza shangazi yangu hapa Dar es Salaam baada ya upasuaji huohuo.

Hesabu ya kukadiria hatari hiyo ipo. Inayotajwa sana ilichapishwa Marekani mwaka 2005, kutokana na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 330,000 waliopandikizwa mishipa. Mgonjwa hupewa alama za hatari kwa umri, unene, kisukari, hali ya figo na mapafu, na hata kwa kuwa mwanamke. Akishatoka chumba cha upasuaji huongezewa alama za muda aliokaa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Takriban asilimia 3.5 walipata maambukizi makubwa, na kati ya hao asilimia 17 hivi walifariki, ilhali kwa wasioambukizwa ilikuwa asilimia 3.

Shangazi alikuwa na alama nyingi. Daktari hakumtabiria chochote. Alisema umri haubadiliki lakini sukari inabadilika, akaahirisha upasuaji wiki sita mpaka kipimo cha sukari ya miezi mitatu kiliposhuka. Tulinung'unika sana, maana ruhusa za kazini zilikuwa zimeshaombwa.

Nisichokitarajia ni mguu. Sote macho yalikuwa kifuani, tukisikiliza kama mfupa wa kidari unacheza anapokohoa. Siku ya 12, nyumbani Mbagala, nikaona doa la rangi ya chai ya rangi kwenye kanga yake, karibu na goti, pale mshipa wa kupandikiza ulipotolewa. Yeye alisema ni jasho, na kwa joto lile la Februari nilitamani kumwamini. Nilipogusa kando ya mshono, usaha ukatoka. Tulimrudisha hospitali siku hiyohiyo, akasafishwa kidonda na kuanzishiwa dawa, akapona baada ya wiki tatu. Baadaye nikafahamu kwamba katika takwimu zilezile za Marekani, karibu theluthi ya maambukizi makubwa yalikuwa kwenye kidonda cha mguu.

Tahadhari moja: alama hizo zilitokana na wagonjwa wa kupandikizwa mishipa, kwa hiyo asije mtu akazitumia kumpimia kijana mwenye valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, nao ni wengi katika wodi zetu.

Kwa baba yako, uliza sukari yake itashushwa hadi wapi kabla ya siku yenyewe, na kama dawa ya kuzuia bakteria itatolewa ndani ya saa moja kabla ya kukatwa. Uliza pia kama nywele zitapunguzwa kwa mashine badala ya kunyolewa kwa wembe, ambao huacha michubuko midogo. Halafu omba namba ya kupiga kidonda kikilowa usiku. Sisi hiyo tulisahau kuiomba.