Barua kwa mwanangu: Mbona sisi hatumo?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na nimeona nikujibu kwa maandishi kwa sababu ulichouliza hakijibiki kwa simu. Unasema umesoma kurasa nilizokutumia za kitabu ninachoandika kuhusu maisha yangu, na zote ni za utoto wangu, shida tupu. "Mama," umeandika, "tumeishi nawe miaka yote hii, tumecheka, tumesoma, hatujalala njaa hata siku moja. Mbona sisi hatumo? Kwani umaskini ule haujaisha tu?"

Umeisha. Hata daktari anayenikataza sukari anajua umeisha.

Lakini usidhani nasumbuliwa na njaa. Njaa ukishashiba huikumbuki. Unajua tu kwamba uliwahi kuwa nayo, kama mtu anavyojua aliwahi kuugua surua. Hata lile gauni langu la kauka nikuvae, nililolifua usiku na kulivaa asubuhi likiwa bado na unyevu, nalisimulia huku nacheka. Kinachonirudia ni mlango.

Mdai alikuwa akija jioni. Mama yangu alizijua hatua zake kabla hajabisha. Taa ilipunguzwa, yeye akajificha nyuma ya pazia, nami niliyekuwa mkubwa nikasukumwa mbele. "Mwambie sipo." Mara ya kwanza nilisema hayupo, nikanyamaza, na yule bwana hakuamini. Nikajifunza. Aliporudi, mama alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Dada ana homa. Homa imempata baada ya kujifungua. Mtoto ni wa kiume. Mtu aliyekuja na ghadhabu alivua kofia, akatupa pole. Nikageuka nikitarajia kusifiwa. Mama alikuwa ametoka pale nyuma ya pazia, ananitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla, utadhani mimi ni mtoto wa watu. Hakunigombeza. Aliniambia nikanawe uso nilale.

Basi kazi yangu yote imetokea pale. Wasomaji wananisifu kwamba najua kutia kitu kidogo kinachofanya hadithi iaminike. Kitu chenyewe ndiyo ile "mtoto ni wa kiume". Na kila nikisifiwa nauona uso wa mama.

Wala si mimi wa kwanza. Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 12 mwaka 1824 alipopelekwa kubandika lebo kwenye makopo ya rangi ya viatu, huku baba yake akiwa gerezani kwa madeni. Mambo yalipotengemaa kidogo, mama yake bado alitaka arudishwe kule kazini, na hilo ndilo alilosema hatalisahau kamwe. Ona: kazi ngumu ilimuuma, lakini mama ndiye aliyebaki moyoni. Aliificha habari hiyo hadi kufa mwaka 1870. Ilijulikana rafiki yake John Forster alipoandika wasifu wake. Mimi sitaki wewe ukasome habari zangu kwa John Forster.

Kwa nini nayaandika haya uzeeni? Wanasaikolojia wanasema mtu mzima akiulizwa kuhusu maisha yake, yanayojitokeza zaidi ni ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri. Kwa hiyo kwa sehemu ni kichwa tu kinafanya kazi yake. Ila kuna jambo linalonifanya niharakishe. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett, katika utafiti alioutoa mwaka 1932, aliwapa watu hadithi moja ngeni kwao, akawataka waisimulie tena na tena. Kila mara ilipungua hapa, ikarekebishwa pale, hadi ikafanana na mambo wanayoyazoea. Kukumbuka ni kujenga upya. Sasa fikiria fundi wa kutunga akiachiwa kumbukumbu zake mwenyewe! Ile kofia niliyokutajia, siku hizi sina hakika kama ilikuwepo. Inakaa vizuri mno pale. Naandika ili nikamate kilichobaki, na kila ninapoandika nakiharibu kidogo.

Ninyi hamumo kwa sababu hamkunitatiza. Mlipokuwa wadogo, mtu akibisha hodi mlikuwa mnakimbilia mlango, mkigombana nani afungue, mkipiga kelele kwamba mama yupo, mama yupo jikoni. Sikuwahi kuwakanya, ingawa mapigo ya moyo yalikuwa yakinienda mbio mpaka nijue ni nani. Hilo nitaliandika, kwa kuwa umeuliza.

Kuna jambo moja lingine. Kaka yako hataki sura ya mlango ichapwe. Anasema nitamwaibisha bibi yenu kaburini. Mimi naona aibu ile haikuwa yake, ilikuwa ya dhiki, na nimeshaamua itoke. Lakini niambie unavyoona wewe, na uniambie mapema, maana mhariri ameanza kunisumbua.

Mama yako