Maswali ya Wasomaji: Hiyo 0.5 Inatoka Wapi?

SWALI: Sarafu inarushwa mara 100. Uwezekano wa kupata vichwa 60 au zaidi nimeukokotoa kwa mgawanyo wa kawaida (mkunjo wenye umbo la kengele), nikapata 0.0228. Kompyuta inasema 0.0284. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Wastani 50 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani) 5, hapo uko sawa. Kosa ni kuanzia kwenye 60 kamili. Idadi ya vichwa huruka kutoka 59 hadi 60. Ukiichora unapata nguzo, na nguzo ya 60 inaanzia 59.5 hadi 60.5. Wewe umeikata katikati. Anzia 59.5: z, yaani umbali kutoka wastani kwa mikengeuko sanifu, = (59.5 − 50) ÷ 5 = 1.9, na jedwali la mgawanyo wa kawaida litakupa 0.0287.

“Zaidi ya 60” huanzia 60.5. “60 kamili” ni eneo kati ya 59.5 na 60.5. Wengi hujikwaa hapa kwenye mitihani, kwa hiyo chora nguzo kabla ya kugusa fomula.

Ila nusu hiyo, 0.5 ya kurekebisha ukingo wa nguzo, haiponyi kila kitu. Chukua balbu 100, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.02 wa kuwa mbovu. Wastani ni 2, mkengeuko 1.4, na mkunjo unamwaga takriban 0.037 chini ya −0.5: balbu mbovu hasi! Kwa majaribio n, kila moja likiwa na uwezekano p, np au n(1 − p) ikiwa chini ya 5 (sisi tungedai 10), achana na mkunjo huo. Kwa balbu hizi tumia Poisson, mgawanyo wa kuhesabu matukio adimu: uwezekano wa kutokuwepo mbovu hata moja ni 0.1353; jibu halisi ni 0.1326.