Haina mkanda, lakini inaharibika

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia sanduku la santuri. Nyingi ni zile ndogo za dansi na taarab, chache ni nzito, za zamani sana. Amplifaya na spika ninazo. Muuzaji wa mitumba ya Japani ananiuzia mashine ya kupigia santuri, Technics SL-1200MK2. Anasema kwa kuwa haina mkanda, mota inazungusha sahani moja kwa moja, basi haiharibiki. Nimeiona dukani ikizunguka vizuri. Niinunue? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Mashine umechagua vizuri. Technics ndio walioleta aina hii sokoni kwa SP-10 mwaka 1970, SL-1200 ya kwanza ikafuata 1972, na hiyo MK2 ya 1979 ilitengenezwa hadi 2010. Ndiyo maana vipuri vyake bado vinapatikana, wakati wenzake wengi wa rika lile ukiwafungua hupati hata kipande kimoja cha kubadilisha. Ugomvi wangu ni na hilo neno "haiharibiki". Nalisikia kila mara, na kila mara anayelisema ndiye anayeuza.

Mkanda haupo, ni kweli. Lakini kazi yake imechukuliwa na elektroniki. Kwenye MK2 sahani yenyewe ni sehemu ya mota: sumaku imefungwa chini yake, koili zimebaki kwenye mwili wa mashine, na saketi hupima kasi bila kukoma na kuilinganisha na mapigo ya fuwele ya kwatzi. Humo ndani mna kapasita zenye umri wa miaka mingi, lehemu zilizopasuka, na kitelezi cha kasi kilichojaa vumbi. Kimoja kikichoka, sahani itaendelea kuzunguka, tena kwa madaha, huku sauti ya mwimbaji ikipanda na kushuka. Kuiona inazunguka hakukuambii kitu.

Rudi dukani. Weka kitelezi katikati, washa, uangalie nukta za pembeni mwa sahani kwenye ile taa nyekundu. Mstari wa kasi ya kawaida lazima usimame tuli, na ubaki hivyo hata mashine ikishapata joto. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Kisha uje kwenye mkono, ule unaobeba sindano, na hapa usiwe na haraka kabisa, kwa sababu nyingi ya mashine hizi zimefanya kazi kwa madijei. Rekebisha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawasawa hewani, halafu upulize kidogo. Usogee bila kukwama popote. Ushike kwa vidole viwili karibu na beringi, uutikise polepole sana. Ukihisi unacheza hata kidogo, usinunue, au punguziwa bei ya mkono mpya. Mota mbovu itakuudhi tu. Mkono mbovu unakwangua mifereji ya santuri, na santuri za baba yako hutazipata tena dukani.

Umeme: geuza mashine usome kibandiko. Zilizouzwa Japani ni za volti 100, sisi tuna 230. Utahitaji transfoma ya kushusha, na usikubali mtu akwambie "jaribu tu, itavumilia". Itaungua. Suala la hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, lisikutishe. Japani yenyewe ina hezi 50 mashariki na 60 magharibi, na mota hii haifuati hezi za ukutani.

Zile santuri nzito huenda ni za kasi ya 78, kizazi cha kina Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928. MK2 ina kasi za 33 na 45 tu, na sindano yake ni nyembamba mno kwa mifereji ile. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, usizijaribu humo.

Sasa niseme linaloniumiza. Mashine nyingi zinazofika mezani kwangu hazikuuawa na umri, zimeuawa na "huduma". Mtu ananyunyiza dawa ya kutu kwenye ekseli ili "ilainike". Dawa ile inaosha mafuta yaliyomo, kisha inakauka, na chuma kinabaki kusagana na chuma. Mwongozo wa mtengenezaji unasema matone mawili au matatu ya mafuta yake kila baada ya saa 2,000 za kazi. Basi. Mwingine amepata mashine ya Denon, akaona utando mweusi ndani ya ukingo wa sahani, akaupiga msasa akidhani ni uchafu. Ule ni utando wa sumaku ambao mashine huusoma ili ijue kasi yake. Ukishakwanguliwa, mashine ile haina tena pa kusomea kasi.

Na wapo wa sarafu. Sindano inaruka, wanabandika sarafu juu ya kichwa cha mkono, wimbo unapita, mteja anafurahi na kulipa. Sarafu inaongeza gramu kadhaa mahali ambapo katriji (kile kifaa kinachoshika sindano) ya kawaida kama AT-VM95E inahitaji gramu 2. Sindano inayoruka ina sababu: imekwisha, au mkono haukusawazishwa, au beringi imekwama, au santuri ni chafu. Sababu hiyo ndiyo ya kutafutwa. Kwa hiyo sindano aliyoiacha mwenye mashine itoe, hata ikionekana nzima, weka mpya, na ununue kimizani kidogo cha kupimia uzito ambao sindano inaukandamizia santuri. Hakina bei kubwa. Pima mwenyewe kabla santuri ya kwanza haijawekwa, na upime tena kila mashine inapotoka kwa fundi, nikiwemo mimi.